Je, Tutie Samadi Katika Shamba Lisilo Letu?



Nawasalimu kutoka Jinja, mimi mtumishi wenu pamoja na mke wangu na watoto. Tunamshukuru Mungu kwa mvua. Mwaka huu ilianza katikati ya mwezi wa tatu, usiku, na kelele zake juu ya mabati zikatuamsha sote. Kulipopambazuka, njia ya kwenda Masese ilikuwa imejaa watu wenye majembe begani, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Wengi wenu huko Kiryandongo mmeniuliza habari za bustani yetu ya mboga, kwa sababu mwaka jana niliisifu sana, kisha nikanyamaza. Leo nitawaambia kwa nini nilinyamaza. Nitawaambia pia swali ambalo bustani ile imeniachia, maana naona si swali langu peke yangu. Kila mmoja wetu analima ardhi ya mtu: ya serikali, ya mwenyeji, au ya jirani anayetukodishia msimu mmoja. Swali ni hili: mtu anayelima ardhi ambayo kesho anaweza kuondolewa, je, ana wajibu wa kuitunza? Nasema waziwazi kuhusu samadi. Je, tutie samadi katika shamba lisilo letu?

Kwanza habari yenyewe. Mwaka jana nilikodi kipande cha hatua ishirini kwa thelathini. Kilikuwa kimelimwa mahindi miaka mingi bila kupumzishwa, udongo mwekundu mgumu, jembe likigonga linalia. Tulinunua magunia kumi na moja ya samadi kwa mtu mwenye ng'ombe, tukaongeza majivu ya jikoni na majani makavu. Watoto walibeba maji asubuhi na jioni. Tukapanda sukuma wiki, nakati, lengalenga (hapa wanaiita dodo), na pembeni mipapai mitatu. Msimu ule tulikula, tukauza, tukalipa ada ya shule ya watoto wawili. Mapatano yetu na mwenye shamba yalikuwa ya mdomo, nami nilijiona mwenye imani kwa kutodai karatasi.

Msimu wa pili ulipokaribia, mwenye shamba alikuja jioni moja. Akazunguka matuta, akachukua udongo mkononi, akaunusa. Akaniambia, "Pasita, umefanya kazi nzuri. Sasa kijana wangu amemaliza shule, anataka kulima." Basi. Hakunitukana wala hakunidhulumu kwa mujibu wa sheria, kwa kuwa msimu niliolipia ulikuwa umekwisha. Lakini magunia kumi na moja yalibaki pale.

Ninaungama mbele yenu jambo ambalo mke wangu peke yake alilijua. Siku ya mwisho nilikwenda na panga, nikaikata mipapai yote mitatu. Ilikuwa na maua tayari. Nilisema moyoni, hawatakula jasho langu. Jioni ile binti yangu mdogo aliniuliza kama mipapai imehama pia. Sikumjibu. Mimi niliyefundishwa katika chuo cha Biblia, ambaye nimehubiri mara ngapi juu ya Kumbukumbu la Torati 20, pale Mungu anapowakataza Israeli kuikata miti ya matunda hata wakiwa wamezingira mji wa adui! Na yule mzee hakuwa adui. Alikuwa baba anayemtafutia mwanawe kazi.

Mwaka huu nimepata kipande kingine, chini kidogo, karibu na bondeni. Hapo ndipo swali liliponikamata. Mzee mmoja wa kanisa letu, mtu mwenye busara aliyefukuzwa mara tatu katika maisha yake, alinishauri hivi: "Mchungaji, samadi ni pesa. Ukiitia katika shamba la mtu, umemwekea pesa mfukoni, naye atakufukuza ili azichukue. Ukitaka kukaa muda mrefu katika shamba la kukodi, liache likiwa baya."

Msimcheke. Shauri lake lina hesabu ndani yake, nami nilikaa nalo wiki nzima. Samadi haiishi nguvu katika msimu mmoja. Mimea ya kwanza huchukua sehemu yake, nyingine hubaki na kuachiliwa polepole msimu wa pili na wa tatu. Kwa hiyo mwenye kukodi msimu mmoja hununua gunia zima na kula sehemu tu. Wenye mashamba makubwa wanalijua jambo hili kuliko sisi, ndiyo maana mtu hataki kupanda kahawa katika ardhi asiyo na hati yake.

Watu wa Jinja hunitolea pia mfano wa Wahindi. Kakira iko karibu hapa, na kiwanda cha sukari alichokianzisha Muljibhai Madhvani mwaka 1930. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 za kuondoka, na familia ile ikaacha kiwanda na mashamba ya miwa, ikarudi miaka ya 1980 na kuyakuta yamechakaa. "Waona, Pasita? Hata matajiri walipoteza." Mimi nadhani mfano huu hautufai sana. Mtu mwenye kiwanda ana mahali pengine pa kuegemea na wanasheria wa kumdai haki yake. Sisi tuna jembe. Lakini nimeuandika kwa sababu unasemwa mara nyingi sana, na nyuma yake kuna hofu ya kweli: kwamba anayejenga katika nchi ya watu hujenga ili wengine wachukue.

Basi nikatayarisha matuta mapya bila samadi. Nilitengeneza kitalu kidogo cha sukuma wiki na nakati, nikakifunika nyasi. Mvua ya kwanza kubwa ikapiga, ikasomba nusu ya mbegu za nakati mpaka kwenye mfereji. Zilizobaki zikaota, zikafikia majani mawili, zikasimama hapo. Zikawa na rangi ya manjano. Kila asubuhi nilizitazama kama mtu anayemtazama mtoto asiyeongezeka uzito, na nilijua ninachomnyima.

Katika siku hizo nilialikwa Mbale. Ndugu mmoja niliyesoma naye chuoni, Mgisu, anachunga kanisa milimani upande wa Bududa, akaniomba nije kuhubiri. Nilipanda takisi asubuhi, karibu kilomita 150, tukapita Iganga na kushika barabara ya Tirinyi, tukivuka mabonde ya mpunga na mto Mpologoma. Mlima Masaba, ambao ramani zauita Elgon, ulikuwa umefunikwa na wingu jeusi.

Nawaambia ukweli, wapendwa, sijaona watu wanaolima mahali pasimamapo kama wale. Shamba limeegemea mlima kama ngazi ukutani. Kahawa iko chini ya migomba, maharage chini ya kahawa, na juu zaidi kabichi, vitunguu na karoti. Mama mzazi wa mwenyeji wangu, mwanamke mzee aliyeinama, alikuwa akibeba kwa kikapu maganda ya kahawa ya msimu uliopita, yaliyooza na kuwa meusi, akiyarudisha chini ya migomba. Nikamwambia, "Mama, shikamoo, nikusaidie." Akacheka, akanipa kikapu. Nilimwaga vikapu sita nikachoka. Yeye alikuwa ameanza kabla ya jua.

Akanionyesha mtaro aliouchimba marehemu mumewe ukikingama mlima, udongo wake umetupwa upande wa juu ukawa kingo, na juu ya kingo majani ya napia yanayokatwa kwa ajili ya ng'ombe. Mtaro wa namna hii huitwa fanya juu. Ulienea sana Machakos, Kenya, na jina hilo la Kiswahili limeingia hata katika vitabu vya kilimo vya Wazungu. Nilifurahi kwamba kuna jambo moja ambalo dunia imelichukua kutoka katika lugha yetu bila kulitafsiri.

Nilimweleza mama yule habari ya mzee wa shamba la Jinja na magunia yangu kumi na moja. Nilitegemea anihurumie. Akaniuliza, "Uliyala majani yake?" Nikasema ndiyo. "Watoto walikula?" Ndiyo. Kisha akaonyesha chini bondeni, mahali mto Manafwa ulipokuwa unapita ukiwa na rangi ya chai ya maziwa. Akasema, "Ule pale ni udongo wetu. Unakwenda kwa watu wa mpunga. Hakuna anayetulipa."

Ni kweli. Manafwa hutoka milima ya Bududa na kuingia Butaleja, katika mashamba ya mpunga ya Doho. Mifereji ya Doho hujaa mchanga na tope la mlima, na wakulima wa kule hulazimika kuizoa. Mtu wa juu asipochimba mtaro wake, wa chini anachimba mfereji wake mara mbili. Wala hawajuani majina. Yule mama alikuwa hatunzi shamba lake tu. Alikuwa anatunza pia shamba la mtu ambaye hatamwona.

Mahali pale pia nilikumbuka majirani zenu. Mnawajua wale Wagisu wanaokaa pembeni yenu huko Panyadoli. Tarehe 1 Machi 2010 mlima uliporomoka juu ya kijiji cha Nametsi, Bududa, usiku wa mvua kubwa, na watu zaidi ya 300 wakafa au wakapotea. Hata kituo cha afya kilifukiwa. Mamia ya familia zililetwa Kiryandongo mwaka ule ule kupewa makao. Hao walikuwa na ardhi ya baba na babu. Hawakukodi kwa mtu. Na ardhi yenyewe ndiyo iliyowaondokea. Tarehe 11 Oktoba 2018 jambo kama hilo likatokea tena upande wa Bukalasi, na Novemba 2024 huko Bulambuli. Baadhi ya waliopelekwa Kiryandongo walirudi mlimani, na watu huwalaumu. Mimi baada ya kushika udongo ule mweusi siwezi kuwalaumu upesi.

Nilikuwa nimeigawa dunia katika watu wa namna mbili: wenye ardhi, ambao wana sababu ya kuitunza, na sisi wageni, ambao hatuna. Katika mlima ule nikaona kwamba mgawo wangu haukuwa sahihi. Katika Walawi 25, aya ya 23, Bwana anawakataza Waisraeli kuiuza nchi moja kwa moja, na sababu anayoitoa ni ya ajabu: nchi ni yake yeye, na wao kwake ni wageni na wakaaji. Angalieni anasema na nani. Hasemi na wakimbizi Misri. Anasema na watu watakaopewa mashamba, mipaka na urithi. Kwa maneno mengine, mwenye hati naye amekodi. Yule mzee wa Jinja aliyeunusa udongo ni mpangaji kama mimi, ila msimu wake ni mrefu kidogo.

Tunapenda sana kuhubiriwa Yeremia 29, barua ya kuwaambia wafungwa wa Babeli wapande bustani na kula matunda yake. Ni neno jema, nami nimelihubiri hadi limechakaa kinywani mwangu. Lakini barua ile inawaahidi kula. Haisemi la kufanya ukishapanda na mwingine akala. Kwa hilo mimi naenda kwa Isaka, Mwanzo 26. Wakati wa njaa Isaka alikaa Gerari, nchi ya Wafilisti, akapanda, akavuna mara mia. Wakamwonea wivu, Abimeleki akamwambia aondoke. Watumishi wake wakachimba kisima, wachungaji wa Gerari wakasema maji ni yetu, naye akakiita Eseki, yaani ugomvi. Wakachimba cha pili, nacho wakakigombania, akakiita Sitna, yaani uadui. Akasogea, akachimba cha tatu, kisigombaniwe, akakiita Rehobothi.

Nimeisoma sura hii zaidi ya mara ishirini. Mwaka huu ndipo nilipogundua kitu ambacho hakimo. Wafilisti waliwahi kuvifukia kwa kifusi visima vya Ibrahimu. Isaka hakufanya hivyo kwa Eseki wala Sitna. Aliviacha vikiwa na maji. Alivipa majina machungu, hakujifanya kuwa hakuumia, lakini ng'ombe wa Gerari waliendelea kunywa. Mimi niliikata mipapai. Nilifuata mfano wa Wafilisti.

Hapa kuna ndugu watakaoniambia, Mchungaji, unatufundisha kuonewa. Hapana. Naomba nisieleweke hivyo. Kutia samadi si sababu ya kukubali mapatano ya mdomo. Msimu huu nimeandikiana na mwenye shamba mbele ya mwenyekiti wa LC1, misimu minne, na imeandikwa kwamba akitaka shamba kabla ya hapo nitavuna kwanza kilichomo. Nililipa zaidi kidogo kwa ajili ya misimu hiyo. Isaka naye mwishoni alikula kiapo na Abimeleki. Kumwamini mtu na kuandikiana naye si vitu vinavyopingana, ingawa zamani nilidhani hivyo, na ujinga wangu huo niliuita imani.

Tena kuna mama mmoja mjane katika kanisa letu la Jinja, ana watoto wanne. Aliposikia nimerudi kutoka Mbale na mahubiri haya kichwani, alinijia baada ya ibada. Akasema, "Baba Mchungaji, nina shilingi elfu kumi. Ni gunia moja la samadi au ni unga wa siku chache. Neno lako linasemaje?" Nilimwambia anunue unga. Sikuhitaji kufikiri. Mnajua jinsi mambo yalivyo tangu mwaka 2025, Shirika la Chakula Duniani lilipowaondoa wakimbizi karibu milioni moja hapa Uganda katika mgao wa chakula. Sisi wa mjini hatukuwa na mgao hata kabla ya hapo. Mtu anayehesabu vikombe vya unga asifanyiwe sheria ya samadi. Lakini yule mama akaniambia kwamba majani anayopalilia haondoi tena kuyachoma, anayarundika kwenye shimo pamoja na maganda ya viazi. Hilo halimgharimu pesa. Nikaona aibu kidogo, maana mimi nilikuwa nimeyachoma.

Liko jambo jingine zito zaidi kwangu kuliko hesabu. Nikikumbuka zile siku nilipokuwa nalinyima shamba kwa makusudi, naona nilikuwa nafanya mazoezi. Nilianza kwa kulinyima shamba samadi. Wiki hiyo hiyo nilikataa kuchangia ukarabati wa choo cha ua tunakopanga, nikisema kwani nitakaa hapa milele? Kijana wangu akasema hivyo hivyo kuhusu shule yake: ya nini kusoma Kilusoga? Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha safari za wakimbizi, nyumba yetu imejaa neno hili, kwani nitakaa hapa milele, na limefanya kila kitu kuwa cha kupita. Mtu anaweza kuishi miaka kumi na tano hivyo. Wengine wetu tumeishi. Ndiyo maana siwezi kusema kwamba samadi ni jambo la shamba tu. Na wenyeji nao wanatutazama. Huko kwenu mmekwisha kugombana nao mara nyingi juu ya kuni na miti iliyokatwa, na sehemu ya lawama yao ni haki, tusikatae.

Basi niliporudi kutoka Mbale nilinunua magunia saba. Mwenye ng'ombe alitaka kunipa mbichi, nikakataa, kwa sababu samadi mbichi huunguza miche. Nikachukua ya rundo la zamani, iliyokwisha kuoza na kupoteza harufu. Mzee wa kanisa aliponiona naisukuma kwenye baiskeli alitikisa kichwa. Hakusema neno, lakini kesho yake alikuja kunisaidia kuchanganya. Bado hajakubaliana nami. Anasema ananisaidia mimi, si shamba.

Siwezi kuwaambia kwamba moyo wangu umetakasika. Juma lililopita nilipita makusudi kwenye lile shamba la zamani. Kijana wa yule mzee amepanda nyanya, na nyanya zake ni nzuri, zina shina nene, majani ya kijani kibichi sana. Nilisimama pale nikihesabu magunia. Kisha nikaona kisiki kimoja cha mpapai kimechipua pembeni, chipukizi mbili, na mtu amekipigia kigingi ili upepo usikivunje. Kijana akaniona, akaniamkia vizuri, "Pasita, mlifanyaje hapa mpaka udongo ukawa hivi?" Nilitaka kuondoka. Nikabaki karibu saa nzima nikimweleza habari za majivu. Habari ya mipapai sijamweleza bado. Nimemwambia nitarudi.

Kuhusu bustani mpya, sukuma wiki niliihamisha kutoka kitaluni siku kumi zilizopita, na sasa ina majani manne hadi matano, rangi imerudi. Nakati nilipanda upya, imeota. Lengalenga tutaanza kuchuma wiki ijayo Mungu akipenda. Konokono wanasumbua usiku, tunawaokota kwa tochi. Upande mmoja maji ya mvua yanatoka kwa jirani wa juu, kwa hiyo tumeanza kuchimba mtaro mdogo wa fanya juu kama wa Mbale, na jirani huyo, Msoga, amekubali tuutokezee katika mpaka wake.

Mbegu za nakati za mwaka jana, zile nilizovuna kabla ya kuondoka, nimezifunga katika karatasi ndogo ndogo kumi na mbili. Atakayesafiri kutoka Kiryandongo kuja Jinja kwa mkutano wa akina mama azipitie nyumbani kwangu. Zipandwe kitaluni kwanza, na mfunike nyasi nyingi kuliko nilizofunika mimi.